Fisi Aliyewakagua Farasi wa Mfalme

Paukwa.

Pakawa.

Nani huyo ameitikia na muhogo mdomoni? Meza kwanza. Paukwa.

Pakawa.

Pakawa mfalme mnene, na farasi watatu, na fisi aliyevaa kilemba. Msiniulize kilemba alikitoa wapi. Kamba za kuanikia nguo ziko kila mji.

Hapo kale, kale ambayo hata bibi yangu aliisikia tu, palikuwa na mfalme akiitwa Vuai. Alikuwa mnene. Simsengenyi, nasema alivyokuwa: akikaa kitini, kiti kinalia. Mfalme Vuai akaposa ng'ambo ya nyika, akamposa Mwanakheri, binti wa watu wanaojua thamani yao. Wakwe wakajibu kwamba wamekubali, ila bwana harusi aje mwenyewe, peke yake, maana hawana chakula cha kulisha msafara. Tena aje juu ya farasi, kabla mwezi haujaandama. Akikawia, yuko mwingine anabisha hodi.

Na nyika ile haikuwa uwanja wa kuchezea ngoma. Mawe, miiba, kisima hakuna. Farasi akikushinda katikati yake, hurudi na huendi. Kila mtu alilijua hilo. Mfalme naye alilijua, alipokumbushwa.

Zizini walikuwepo farasi watatu. Ni yupi ambebe mfalme? Mngesema ni jambo la kutazama kwa macho tu. Lakini mfalme hatazami, mfalme hutazamiwa.

Ndipo Fisi akaja langoni na kilemba chake. Akasema hapana kiumbe katika nchi ile aliyeyachungulia maungo ya wanyama kama yeye, kwa nje na kwa ndani. Na hapo hakudanganya. Ujira hataki. Atakayeonekana hafai apewe yeye, amwondoe mjini, asije akaliaibisha zizi la mfalme. Mfalme akafurahi kupata hakimu wa bure. Wajukuu zangu, cha bure kina meno.

Akaletwa Gogo. Shingo nene, kifua kipana, mgongo mfupi, kiuno kimejaa, mfupa wa chini ya goti kama mchi, kwato ngumu. Gogo akasema: "Kifua hiki, mgongo huu, kwato hizi. Uzito wako naubeba, mfalme, na mawe nayakanyaga. Mbio sina."

Fisi akamzunguka. Akatazama mbele, akatazama nyuma, akakawia sana nyuma. Akameza mate.

"Nimeona," akasema. "Miguu kama vinu. Bwana harusi aende ukweni juu ya kinu? Hafai."

Mfalme akasema hafai. Wazee wa baraza wakasema hafai, maana kazi yao pale ilikuwa moja tu, na wakaifanya.

Akaletwa Mshale. Miguu mirefu, bega limelala kwa nyuma, tumbo limepanda, pua pana za kuvutia pumzi. Mshale akasema: "Bega hili, miguu hii, pua hizi. Nipe mtu mwepesi mwenye habari ya haraka, nitafika kabla ya vumbi langu. Mtu mzito atanivunja."

Fisi akamzunguka. Akatazama mbele, akatazama nyuma, akakawia nyuma.

"Nimeona. Huyu atafika ukweni, nawe mfalme bado uko njiani. Hafai."

Hapo Fisi alisema kweli, kwa bahati mbaya. Mfalme akasema hafai, na wazee wakasema hafai.

Akaletwa Ufito. Jamani, Ufito. Mgongo umebonyea kama kitanda cha kamba zilizolegea. Kifua chembamba mpaka miguu ya mbele inagongana. Magoti yamerudi nyuma, vifundo vimesimama wima kama vigingi. Ufito, maskini mkweli, akasema: "Mgongo huu, magoti haya, vifundo hivi. Mimi, bwana, hubeba kuni kidogo, na siku ya jua kali sibebi."

Fisi akamzunguka. Akatazama mbele, akatazama nyuma, hakukawia, maana nyuma hapakuwa na kitu.

"Nimeona. Tazameni unyenyekevu. Tazameni kiuno, kama cha mwari. Anafaa."

Wazee walikuwa wameshafungua midomo kusema hafai. Wakaigeuza.

Dada wa mfalme, Mwanasiti, alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, "Kaka, huyo akipiga chafya anaanguka."

"Wewe farasi umejifunzia wapi?"

"Sikujifunza. Namwona."

"Hakimu ana kilemba, dada."

"Basi panda kilemba," akasema Mwanasiti, akaingia ndani kuchambua mchele wake.

Mfalme akampanda Ufito, akaondoka. Fisi naye akapewa wawili wake, akawaswaga hadi kichakani. Akaona aanze na Mshale. Aliinama kidogo kunoa kucha, na alipoinua kichwa Mshale alikuwa nukta huko mbali. Si alisema lakini?

Akamgeukia Gogo, akamwendea kwa nyuma, pale pale alipopapenda. Gogo hakukimbia, mbio hana. Aliyainua matako yale aliyosifiwa kwa mate, akamtia Fisi teke moja la kiuno, kisha akarudi zizini kula. Tangu siku hiyo mgongo wa Fisi umeshuka nyuma kama paa la kibanda. Na ndiye huyo aliyekuwa akiwatia wenzake kasoro za maungo.

Fisi akainuka, kiuno kinamuuma na njaa inamuuma. Akashika njia ya nyika, akichechemea. Alijua vizuri sana nani kapita na kapanda nini.

Huko nyikani Ufito alijikwaa. Akaenda, akapiga magoti. Akaenda, akalala kabisa. Akasema, "Bwana, nilikwambia." Mfalme akashuka ili amgombeze vizuri. Mzigo uliposhuka, Ufito akapata nguvu za ajabu, akasimama, akarudi nyumbani bila kuaga.

Mfalme akabaki na mawe. Mara akamwona Fisi anakuja, akamshukuru Mungu. Akamwambia afadhali amekuja, farasi aliyemchagua amemtupa, sasa amwonyeshe njia.

Fisi akamkaribia. Akamzunguka. Akatazama mbele: miguu mifupi, magoti yamechoka, pumzi hana. Akatazama nyuma, akakawia sana. Na mfalme, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akamtazama mnyama kwa macho yake mwenyewe: taya, meno, mate.

"Hakimu," akasema polepole, "mbona wanizunguka? Mimi si farasi."

"Nimeona," Fisi akasema. "Anafaa."

Mwanakheri aliolewa kabla mwezi haujaandama, na yule mbisha hodi, aliyekuja juu ya farasi mwenye sura mbaya na miguu mizuri.

Haya, shikeni. Ukimkagua farasi, sema kwanza unampeleka wapi. Wa mzigo si wa mbio, wa mbio si wa mzigo, na wengine si wa lolote, tunawapenda hivyo hivyo. Na kabla hujamsikiliza mkaguzi, angalia macho yake yanakawia wapi.

Hadithi yangu nimeivua tandiko, nimeifungua hatamu, ikale majani. Ikiwa tamu, nisifuni mimi. Ikiwa chungu, kamwulizeni Fisi, yeye ndiye aliyeionja.