Vumbi Haliwezi Kukimbia

Hapo zamani za kale, wakati wanyama wanapika na kufagia nyua zao na kununiana na majirani kama sisi, palikuwa na nchi kavu yenye chemchemi moja tu, na kwenye chemchemi hiyo alikaa Kifaru. Sisemi aliichimba, wala sisemi aliirithi. Alikaa. Alifika siku moja, akaketi puu, akawa mkubwa kuliko wote, basi ikawa yake.

Na akaweka sharti. Anayetaka maji kwanza apige goti aseme, "Mimi vumbi la kwato zako, bwana mkubwa." Halafu amuulize hali. Kifaru alipenda sana kuulizwa hali, yaani angeweza kuulizwa tangu asubuhi mpaka jua la utosi asichoke, na kila mara alijibu "Mzima!" kwa kishindo mpaka maji yakatikisika. Pembeni alikaa Fisi, mpambe wake, akichekelea kila kitu. "Mzima kama mwamba, bwana," aliitikia Fisi. Hapo ndipo unaruhusiwa kuinamisha mdomo unywe.

Wadogo wote walisema. Mzee Kobe alisema, Kindi alisema, na ukiwauliza wanakwambia ni maneno tu, unayatema kama kokwa la ukwaju, unakunywa, unakwenda zako.

Mama Tunu naye alisema. Alikuwa digidigi, kijana bado, mwenye miguu kama vijiti vya kuwashia moto na moyo uliodunda hata jani likianguka, tii tii tii. Mumewe alikwenda malishoni asirudi, akabaki na Tunu peke yake. Hakuwa na nafasi ya kupima maneno. Alikuwa na kiu, na mtoto ana kiu, basi anapiga goti, anasema, wanakunywa, wanarudi mbio nyumbani.

Siku moja anafagia uwanja akasikia sauti ndogo nyuma ya nyumba. Akachungulia. Tunu amepiga goti mbele ya kinu. "Mimi vumbi la kwato zako, bwana mkubwa," anakiambia kinu, kwa adabu zote.

Mama Tunu akacheka. Akamwita Kindi, jirani yake, naye aje asikie, wakacheka wote wawili mpaka wakashika mbavu, na Tunu alipoona wanacheka akarudia, akarudia tena.

Kicheko hicho kilikuja kumchoma baadaye. Maana haikupita muda, watoto wa majirani wanacheza uwanjani, kivuli cha tai kikapita juu ya vumbi. Watoto wa sungura, vrrr, shimoni. Watoto wa Kindi mtini. Tunu akasimama. Hakuganda kwa woga, hapana, mama yake anamjua akiwa na woga. Alisimama tu, kama kitu kilichosahauliwa nje, na tai anashuka, mbawa zinapiga fyuu, Mama Tunu akaruka kutoka jikoni na mwiko mdomoni, akamkumba mtoto wakaviringika wote chini ya miiba, na kucha za tai zikakwangua udongo pale pale aliposimama.

Wakatulia humo miibani. Mama anatetemeka mwili mzima, mtoto hatetemeki hata kidogo.

"Tunu, kwa nini hukukimbia?"

Mtoto akamwangalia kama aliyeulizwa swali la kijinga. "Mama, si mimi ni vumbi? Vumbi haliwezi kukimbia. Linakaa tu."

Jamani. Mama Tunu alimlamba mtoto damu ya miiba masikioni, akalamba mpaka pasipo na damu, na huku anajiuliza ni nani aliyemfundisha mtoto huyu, na jibu analijua. Alimfundisha yeye, kila siku ya Mungu, akimsukuma kichwa kiiname vizuri.

Asubuhi akaenda kwa Kifaru. Miguu haitaki lakini akaenda. Akapiga goti, akasema yale maneno, akauliza hali, kisha akaomba kwa upole kabisa watoto wasamehewe sharti, wakubwa tutasema kwa niaba yao, bwana mkubwa, maana mtoto wangu ameyaamini, jana nusura aliwe.

Kifaru akacheka. Fisi akasubiri aone ni kicheko cha aina gani, kisha naye akacheka.

"Maneno tu hayo, Mama Tunu," alisema Kifaru. "Maneno yamemfanya nani nini? Mtoto wako ni mzito wa akili, usinitupie mimi."

Mzito wa akili. Mama Tunu aliyasikia hayo maneno mawili matatu yakiingia masikioni na kutafuta pa kukaa. Akataka kumuuliza, kama ni maneno tu, mbona unayataka hivyo? Mbona nisiposema unaninyima maji? Lakini Tunu alikuwa nyuma yake ana kiu.

"Kweli, bwana mkubwa," alisema. "Maneno tu."

Njia nzima ya kurudi hasira ilikuwa inampanda, ikapanda ikaikuta hofu imekaa pale pale inapokaa siku zote, zikakaa pamoja. Alipofika nyumbani alikuwa ameshajua atakachofanya. Akawaita Mzee Kobe na Kindi, akawapikia uji wa ukwaju, akawaambia kwamba hatuachi kitu. Goti tutapiga. Vumbi tutasema. Na hali tutamuuliza, tena tutamuuliza kuliko anavyotaka kuulizwa.

"Mwanangu, utatuua," alisema Kobe.

"Kwa lipi, baba? Maneno tu. Kasema mwenyewe."

Basi kesho yake Kobe akatangulia. Akasema yake, akauliza hali, Kifaru akanguruma kwamba mzima, na Kobe, badala ya kunywa, akamtazama kitambo. Akasema ashukuriwe Mungu, na hongera kwa kujikaza. Akanywa, akaondoka polepole anavyoondoka siku zote.

"Kujikaza nini?" Kifaru akamuuliza Fisi.

Kindi akafuata. Naye akauliza hali, akajibiwa, akasema pole. Pole ya nini? Basi tu, bwana mkubwa, pole. Akanywa akapanda mtini. Mama Tunu akaja wa mwisho na bakuli la uji kichwani, lililofunikwa kwa jani, kama anayekwenda kumjulia hali mgonjwa.

"Mimi sina ugonjwa," alisema Kifaru.

"Hata, bwana mkubwa, nani kasema? Ila usijibu kwa nguvu hivyo, unajichosha. Sema tu 'nipo nipo'. Inatosha, sisi ni wako."

Kifaru akaunusa uji. Ulikuwa uji mzuri. Tena hakuna aliyewahi kumletea chochote kwa hiari yake, na huyu mama anaongea naye kwa sauti ya chini, ya kubembeleza.

"Nipo nipo," alisema Kifaru.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Nipo nipo ikaliwa pamoja na uji, ikawa tamu. Kila aliyekuja kunywa alipiga goti, akauliza hali, akasema pole, na kwa kuwa sharti ni lake mwenyewe kwamba kila mmoja amuulize, Kifaru alijibu hali yake mara nyingi kuliko kiumbe yeyote katika nchi ile. Mtu ukiulizwa sana utatafuta cha kujibu. Nipo nipo ikawa najikongoja. Najikongoja ikawa mgongo huu. Akaanza kuusikiliza mgongo, na mgongo ukisikilizwa hauishiwi habari. Akaanza kuinuka kwa kuguna, akaanza kukaa kivulini, mwishowe akatandikiwa mkeka nyumbani kwake, kando kidogo ya chemchemi, akalala ubavu, na ukimuuliza hali anasema mwenyewe kwa mdomo wake, "Mimi mgonjwa. Mimi wa kulala tu."

Hakuna aliyemgusa hata kwa unyoya. Fisi akawa bado anakaa karibu naye, lakini sasa alikuwa akimtazama mbavu, na mate yanamdondoka, to, to.

Muda huo wote Mama Tunu alikuwa na kazi nyingine nyumbani. Kila asubuhi kabla ya uji alimsimamisha mtoto. Wewe nani? Mtoto anasema vumbi. Hapana, wewe nani? Mpaka akajifunza kusema, kwa sauti ya kunong'ona kama anaiba, kwamba mimi Tunu, mimi digidigi, miguu yangu inakwenda kuliko macho ya anayenitazama. Alisema akiangalia chini. Ukimwachia kidogo anarudi kwenye vumbi lake, na mama anaanza upya, tena na tena, koo linamkauka, uji unapoa.

Siku chemchemi ilipobaki bila mwenyewe, Mama Tunu akamchukua Tunu wakaenda wakanywe kama viumbe. Akawakuta wenzake wamejaa pale. Na walikuwa wamepiga goti. Kifaru hayupo, Fisi hayupo, pamebaki shimo alilokuwa akikalia, na Mzee Kobe, mzee mzima, ameinamisha shingo mbele ya shimo.

"Mimi vumbi la kwato zako, bwana mkubwa," analiambia shimo.

Mama Tunu akahisi mwili unawaka. "Mnamwinamia nani?"

Wakatazamana. Kindi akasema, si tumezoea tu, shoga yangu, maji hayapiti kooni bila kusema. Mwingine akasema akirudi je? Mwingine akasema kwani yanatuuma nini. Na chini, ubavuni mwake, Tunu alikuwa ameshakunja goti.

"Inuka," mama alimwambia. "Inukeni wote. Twendeni kwa mgonjwa."

Wakamfuata kwa sababu hawajawahi kumwona hivyo. Yeye mwenyewe hakuwahi kujiona hivyo. Moyo tii tii tii, na ulimi unakwenda mbele kama si wake. Wakaingia uani kwa Kifaru. Amelala ubavu juu ya mkeka, Fisi pembeni ananoa meno kwa ulimi.

"Inuka, bwana mkubwa. Huumwi."

"Mimi mgonjwa," alisema Kifaru.

"Nani kakwambia?"

Akafikiri. "Nyinyi."

"Sisi tulikwambia pole. Mgonjwa umejiita mwenyewe. Maneno tu hayo, bwana, yamemfanya nani nini? Wewe ulilala kwa uji na pole, mwili wote huo, pembe yote hiyo. Sisi wengine umetuita vumbi tangu tumboni mwa mama zetu, halafu mwanangu akisimama mbele ya tai asikimbie, unasema ni mzito wa akili."

Fisi akaacha kunoa meno, akajisogeza nyuma kidogo.

Kifaru akaanza kuelewa. Ilimpanda taratibu, kutoka mkiani, na ilipofika machoni macho yakawa mekundu. Akainuka. Mkeka ukachanika chwaa, ukuta wa miti ukalala, na wadogo wote, Kobe, Kindi, wote, goti chini. Vumbi, vumbi, vumbi, wanasema kwa pamoja, na huyo anakuja, gidi gidi gidi, pembe mbele, na katikati ya njia yake, peke yake, amesimama Tunu.

Mama yuko upande wa pili. Hamfikii, safari hii hamfikii.

"Tunu," aliita. "Wewe nani?"

Mtoto akatazama pembe inayokuja. Akatazama wakubwa walioinama. Akafungua mdomo, na mama yake akaona ule mdomo ukijikunja kutaka kusema lile neno la zamani.

"Mimi digidigi," alisema Tunu, na miguu ikaondoka.

Vrrr. Kulia, kushoto, kulia tena, vumbi la kweli likamfuata nyuma, na Kifaru naye nyuma ya vumbi, anageuka huku mtoto yuko kule, anageuka kule mtoto amepita chini ya tumbo lake. Hatua chache, Kifaru akasimama akihema. Akashika mgongo. Akaanza tena, akasimama tena. Kichwa kilikuwa kimeshajua kwamba yeye si mgonjwa, lakini magoti bado hayajaambiwa. Yakakunjika. Akakaa puu pale pale katikati ya uwanja.

"Mgongo huu," aliguna, na Fisi, kwa mazoea, akaitikia, "Mgongo, bwana."

Kindi ndiye aliyecheka wa kwanza. Halafu Kobe akainuka kutoka gotini, akajikung'uta tumbo, akaona aibu kidogo, akaenda chemchemini bila kusema neno. Alipofika akasimama, maana ni kweli, maji yanagoma kupita kooni bila kutangulizwa kitu. Akafikiri. "Mimi Kobe," alisema, na maji yakapita.

Tangu siku hiyo ndivyo walivyokunywa, kila mmoja akijitaja jina lake kwanza. Kifaru naye alipopata nguvu alikuja, akapanga foleni, akasema, "Mimi Kifaru," wakampisha akanywa, hakuna aliyemkataza. Na Mama Tunu alikunywa wa mwisho, baada ya mwanawe, huku bado anatetemeka.

Hadithi yangu imefika majini, na yeyote kati yenu atakayekunywa ajitaje: angalieni mnachojiita, watoto wangu, maana miguu yenu inasikia.