Bi Bukini na Mtama wa Kwenye Matete

Wewe hapo mbele, umeshawahi kulewa bila kujua? Usimtazame mwenzio, nakuuliza wewe!

Haya. Hadithi ipo mlangoni!
— Ifungulieni, iketi!

Hapo kale na kale, mtoni aliishi bata bukini, na mto mzima ulimpenda. Kila alfajiri Bi Bukini aliogelea juu, akaogelea chini, akamtafuta Mamba alipolala, kisha akapaza sauti: "Kwaa! Kwaa! Mamba yuko mkuyuni, kunyweni huku!"

Wanyama wakanywa kwa raha zao. Yeye akaenda kwenye matete kula, akasafisha manyoya, akawasuta vyura kwa kuimba vibaya, jioni akalala.

Siku moja alfajiri ikaja, kimya. Swala akaenda kunywa. Mamba huyo! Swala akaruka, akapona chupuchupu. Bi Bukini akakutwa chali, miguu juu, anakoroma.

Siku ya pili alipiga kelele, lakini kelele gani! "Kwaa! Mamba yuko... yuko mbinguni!" Punda Milia, mtiifu yule, akatazama juu. Nusura aliwe.

Siku ya tatu akakutwa amemwegemea Mamba mwenyewe, anamwita shemeji. Mamba alicheka mpaka akasahau kumla.

Kikao kikaitishwa. Mwenyekiti wa mto alikuwa Mzee Kiboko, aliyeapa mbele ya wote kwamba pombe ameiacha, na asiyemaliza kikao bila kuwahubiria wengine waiache.

Nyani, mganga wa kujipachika, akafumba macho. "Huyu ana jini. Namwona. Amevaa kofia."

"Kofia ya rangi gani?" akauliza Kobe.

"Usiulize mambo ya kitaalamu!"

Mzee Kiboko akasema, "Bi Bukini, jitetee."

"Nijitetee nini, baba? Nala mtama wangu kwenye matete kama zamani. Ila siku hizi umekuwa laini, una uchachu mtamu, unachangamsha! Nikiula, hata vyura naona wanajitahidi."

Mzee Kiboko akakohoa. Akakohoa tena.

"Afukuzwe," akasema Nyani, "jini lisije likatuhamia."

Wanyama wakalia, lakini nani abishane na mtaalamu? Hata Swala akainamisha kichwa. Bi Bukini akaanza kuaga, mmoja mmoja, mpaka akamfikia Kiboko.

"Kwaheri, mwenyekiti. Wanao wale wadogo hupenda kuoga alfajiri, nami ndiye niliyekuwa nawaangalizia Mamba. Sasa utawaangalia mwenyewe, baba."

Akageuka, akashika njia, anatikisa mkia wake.

Kiboko akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akatazama maji.

"Bukini! Rudi!"

"Arudi vipi?" akafoka Nyani. "Na jini je?"

"Jini gani! Pombe napika mimi, kule ndani ya matete. Naikamua, nainywa, machicha ya mtama namwaga hapo hapo. Huyu kala machicha yangu. Mlevi wa mto huu ni mimi!"

Basi, wenzangu, ukificha kosa lako, mwenzio ndiye anayefungishwa virago. Ngano yangu naitua hapa. Mwenye mabega aibebe.