Pole ya Nyapara

"Kidonda kibichi hakiuzwi." Ndivyo Mama Mkunde alivyowajibu wale waliomletea mumewe mbuzi ili wamalizane, alipovunjwa mguu, nanyi mnasema hana adabu. Adabu anayo, ninyi ndio hamjui. Sogeeni basi. Maneno hayo yana mwenyewe, na yalianza hivi.

Katika shamba moja la mkonge upande wa Korogwe, alikuwapo Muha mmoja jina lake Ntahondi. Alitoka kwao Kasulu akiwa kijana, akazeekea kambini. Hakuoa, hakuwa na shangazi wala binamu karibu. Jioni alikula ugali wake mlangoni, peke yake, akiwasikiliza majirani wakigombana, na hata ugomvi wao aliutamani. Upweke ni kitu kibaya, wajukuu zangu, msiombe.

Kazi yake ilikuwa kulisha korona, ile mashine inayokwangua majani ya mkonge yakabaki singa. Mnyororo wake ulikuwa na kinga ya bati, lakini nyapara Shekigenda aliing'oa ili kazi iende mbio. Asubuhi moja mnyororo ukashika shati la Ntahondi, ukauvuta mkono wa kulia. Vidole vikasagika. Akafungwa bendeji zahanati, akarudishwa chumbani kwake.

Wenzake waliona yote. Lakini nani angekwenda kumjulia hali? Kuonekana mlangoni kwake ilikuwa sawa na kujitangaza shahidi, na kazi ingeota mbawa. Akalala na mkono uliovimba, akitazama bati la paa, na hakuna aliyebisha hodi.

Aliyebisha hodi ni nyapara. Tena hakuja mikono mitupu, alileta sukari, mchele na kuku, akaja na wazee wa kambi. Wakatandika mkeka, wakapika, wakala na mgonjwa sahani moja. Kesho yake wakarudi, wakamchekesha mpaka akasahau maumivu. Na desturi yetu mnaijua: ukipokea pole ya mtu mkala pamoja, utamshtakije? Watu watakuona huna utu. Shekigenda aliijua desturi hiyo vizuri, mjanja mkubwa yule!

Walipozoeana, akatoa karatasi.

"Ndugu yangu Ntahondi, hapa huna mtu. Ndugu zako ni sisi. Kampuni inakupa kifuta jasho, wewe tia dole gumba kwamba tumemalizana. Mawakili wa nini?"

"Lakini daktari hajasema kama mkono utapona."

"Utapona, inshallah. Au hutuamini? Basi tukunje mkeka wetu, twende zetu."

Ntahondi akawatazama wageni wake. Akatoa dole gumba la kushoto.

Baada ya hapo hawakuja tena.

Mkono uliingia usaha, ukakatwa chini ya kiwiko. Kifuta jasho kikaishia kwenye dawa na nauli. Ndipo mtu akamnong'oneza kwamba Tanga mjini yuko wakili, Mama Semboja, anayewasaidia wanyonge. Akaenda.

Wakili alimsikiliza hadi mwisho, akashika kichwa. "Mzee wangu! Kinga iling'olewa, watu waliona, mkono umekwenda. Ulikuwa na haki ya kudai. Jeraha kubwa namna hii, na mtu anakuletea karatasi kabla daktari hajamaliza kazi yake, hapo ndipo unamtafuta wakili, kabla ya dole gumba. Nitajaribu kuipinga, lakini sikuahidi kitu. Ulikuwa na haraka gani?"

Ntahondi akamjibu, "Hakuna haraka, mama. Walikuja kunitembelea."

Mama Semboja akaichukua kesi. Alijaribu kwa nguvu zake zote, lakini karatasi ile haikupingika.

Mwaka uliofuata korona ikamjeruhi Sengasu, kijana wa Handeni. Nyapara alipofika na kuku wake, akamkuta Ntahondi ameketi mkekani na mkono wake mmoja.

"Wewe unafanya nini hapa? Huyu si ndugu yako."

"Si ndugu yangu, wala wewe si ndugu yake. Karibu ukae, kula naye ukipenda. Karatasi irudishe mfukoni. Kidonda kibichi hakiuzwi. Tungoje kikauke, tujue kimekula nini, kisha wakili wake atazungumza nawe."

Nyapara akatukana, akaondoka na kuku wake. Sengasu alipopona alikwenda Tanga na vyeti vya hospitali na majina ya walioona, akalipwa haki yake, akarudi kwao Handeni kwa mama yake. Ntahondi akarudi mlangoni kwake na ugali wake, peke yake kama zamani. Roho inaniuma kila nikimkumbuka.

Kwa hiyo mkimsikia Mama Mkunde, msimcheke. Kidonda kibichi hakiuzwi, wajukuu zangu, hata kama mnunuzi ndiye mtu pekee aliyekuja kukujulia hali.