Bi Lubaba na Ubao wa Chombo cha Mahujaji

Wamesimulia wapokezi wa habari za wema waliotangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu wote, ya kwamba katika bandari moja ya pwani ya Habasha, inayotazamana na Jidda, aliishi mwanamke mcha Mungu aliyeitwa Bi Lubaba binti Suhaym. Mumewe alikuwa nahodha. Alisafiri na wanawe wawili, na chombo chao kikazama katikati ya Bahari ya Shamu. Hakikurudi hata kipande cha kilemba.

Bi Lubaba hakukufuru wala hakujipiga kifua. Alisema, "Sisi ni wa Mwenyezi Mungu, na kwake tutarejea," akakaa eda yake. Lakini eda ilikwisha, huzuni isiishe. Dirisha lililoelekea baharini aliliziba kwa udongo. Chakula kikamshinda, usingizi ukamhama, na mikono yake iliyokuwa hodari wa kusokota pamba ikawa inatetemeka hata hawezi kushika uzi. Kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuwa na kaburi la kwenda kusimama.

Ndugu yake, Dhakwan, alikuwa fundi wa kuunda vyombo. Asubuhi moja alikuja na mzigo wa pamba, akautua mlangoni.

"Dada, nimepungukiwa na watu. Nisokotee hii."

"Mikono yangu huioni, Dhakwan?"

"Naiona. Wala sikukuomba uzi wa nguo ya arusi. Hizi ni kamba za kukalafati. Tunazishindilia kwenye nyufa za mbao ili maji yasiingie."

Bi Lubaba aliinama akaishika pamba ile. "Yasiingie hata tone?"

"Fundi wa kukalafati akitenda haki, na Mola akipenda."

Akavuta mzigo ndani, akapiga bismillahi, akaanza. Kamba za kwanza zilitoka na mafundo. Za baadaye zilinyooka. Kisha ikawa anazipeleka ufukoni mwenyewe, akisimama na kuipa bahari mgongo, mpaka siku moja akamwomba Dhakwan nyundo na patasi. Watu walinong'ona, yeye akajifunza. Hakuacha kulia, alilia huku anagonga, na kwa kila ufa aliouziba aliomba, "Mola wangu, warudishe kwao." Jioni alirudi nyumbani amechoka, akala, akalala.

Miaka ikapita. Msimu mmoja wa hija, nahodha aitwaye Abu Shamlan alikipandisha chombo chake ufukoni kikalafatiwe kabla ya kuwavusha mahujaji. Siku za hija zilikuwa zimekwisha kukaribia, na ufuko umejaa watu waliotoka bara kwa miguu. Dhakwan alikuwa amekwisha kutoa neno kwamba chombo ni kizima. Ndipo Bi Lubaba, akigonga chini ya tumbo la chombo, akasikia ubao mmoja ukiitika kwa sauti ya mtungi wenye ufa. Akamwita nduguye. Dhakwan akagonga, akatega sikio.

"Mimi nasikia ubao mzima."

"Mimi sisikii hivyo. Tuung'oe."

Abu Shamlan aliposikia, alighadhibika. "Bibi, wewe umefiwa. Unaiogopa bahari, ndiyo maana kila ubao unauona kifo."

"Kweli naiogopa," akajibu Bi Lubaba. "Lakini huu sikuuogopa. Nimeugonga."

Kisha akaja ajuza mmoja katika mahujaji, Bi Rayta, akamshika upindo wa nguo. "Mwanangu, nimetembea tangu Rajabu. Nikiikosa Arafa mwaka huu, mwakani sipo. Tuache twende, tumtegemee Mungu."

Maneno hayo yalimwelemea kuliko ghadhabu ya nahodha. Aliinama akaishika mikono ya yule ajuza.

"Mama, na wangu walimtegemea Mungu. Mja hutawakali akiisha kutimiza lake, na mimi langu bado. Nikiwa nimekosea, dhima ya hija yako iwe shingoni mwangu, nitaijibu Siku ya Kiyama."

Akaingia chini ya chombo, akaketi, akauegemea ule ubao. "Mkitaka kukishusha majini, kishusheni nami nikiwa hapa."

Dhakwan akamtazama dada yake, kisha akamgeukia Abu Shamlan. "Nilikupa neno. Neno hilo nalirudisha." Akachukua mtaimbo.

Ubao ulipong'oka, upande wa nje ulikuwa safi. Dhakwan akauvunja kwa goti. Ndani ulikuwa umetobolewa na wadudu wa baharini kama sega la nyuki.

"Astaghfirullah," akasema Abu Shamlan, akavua joho lake, akaenda kubeba ubao mpya kwa bega lake mwenyewe.

Kazi ilipokamilika, khofu iliwashika mahujaji. Hapana aliyetaka kupanda. "Mmoja ulikuwa mbovu," wakasema, "nani atuhakikishie zilizobaki?"

Bi Lubaba hakuwa amekanyaga chombo majini tangu msiba wake. "Zote nimezigonga," akasema. "Nitapanda mimi." Akamshika mkono Bi Rayta, akatangulia naye, na Dhakwan akawafuata awe mahramu wa dada yake, asisafiri bila ndugu wa kiume.

Walipofika katikati ya bahari, Abu Shamlan alimwambia kwa upole, "Bibi, wajuao husema ilikuwa hapa, au karibu na hapa."

Alisimama, akawatolea salamu mumewe na wanawe, mmoja mmoja kwa majina yao. Akasoma Fatiha, akawaombea maghufira, Bi Rayta akiitikia amin ubavuni pake. Alilia sana. Kisha akageuka, akauliza kama kuna chakula.

Waliwahi Arafa. Aliporejea, Bi Lubaba aliishika nyundo yake mpaka uzeeni, na wajane wengine wa bandari ile wakajifunza kwake.

Basi, ndugu zangu, Mola hakumrudishia wafu wake. Alimjaalia awe sababu ya wengine kurudi kwa watu wao, naye akasimama imara juu ya amana hiyo hata alipokuwa peke yake. Aliyefiwa asingoje machozi yakauke ndipo atafute la kuwafaa waja. Mwenyezi Mungu atupe subira yenye kazi ndani yake. Amin.