Kuku Aliyekataa Kuinuka

Kaeni, wapendwa, kaeni vizuri. Ninyi mliosimama mlangoni sogeeni huku, viti vya mbele haviumi mtu. Leo sina maneno makubwa. Leo nina kuku.

Mnacheka. Haya, chekeni, lakini msigeuze shingo kutafuta nani anasemwa. Huyu mama ninayetaka kuwapa habari zake hayupo humu, wala hayupo popote. Nimemtunga mwenyewe jana jioni nikimsaidia mke wangu kuchambua maharage. Ila nikimaliza, mtaniambia wenyewe kama hamjawahi kukutana naye.

Kulikuwa na mama mmoja, mjane, anaishi kijiji cha mlimani kule juu kwenye baridi. Mume wake alikuwa amefariki, na msiba ulipoingia kwa huyu mama haukuja peke yake, ulikuja na ndugu zake. Mahindi yakaliwa na viwavi yangali mabichi. Kisha kideri kikapita kijijini, kikafagia kuku wake wote, akabaki tetea mmoja tu, kishingo, yule kuku asiye na manyoya shingoni, mbaya wa sura kweli kweli. Watoto wake wawili wakawa wanamwonea mama yao huruma mpaka wakaacha hata kuuliza leo tunakula na nini.

Zamani mama huyu kanisani alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Sasa alikuwa anakuja, anakaa karibu na mlango, na ibada ikiisha hakuna aliyeona ametoka saa ngapi. Kwenye jumuiya akiambiwa aombe, anasema koo linamuuma. Jamani, koo gani hilo linauma mwaka mzima? Lakini nani alimwuliza? Walimpa pole, wakampa mwingine zamu.

Siku moja wifi yake, dada wa marehemu, alipanda kutoka bondeni kunakolimwa mpunga, akamletea mayai ya bata kwenye kikapu, ameyafunika vizuri na pumba.

"Wifi yangu," akamwambia, "kuku wanakuangusha kila kideri kikipita. Bata ni mgumu huyo, haugui ovyo. Kishingo wako akianza kuatamia, muwekee haya. Uanze upya."

Wakanywa chai, wakamkumbuka marehemu kidogo, wifi akateremka zake kuwahi gari. Sasa kwenye kijiji kile hakuna mtu aliyewahi kufuga bata. Bata wanamwona sokoni tu, amefungwa miguu, basi. Na wifi naye hakueleza zaidi, maana bondeni habari za bata ni kitu ambacho kila mtu anakijua. Nani anamfundisha mwenzake kwamba wali unapikwa kwa maji?

Kishingo alipoanza kuatamia, yule mama alimpangia mayai kwenye karai kuukuu pembeni ya jiko, juu ya majani makavu ya mgomba. Alipomaliza alipiga magoti palepale kwenye majivu, akaomba, na ilikuwa ni siku nyingi hajafanya hivyo. Ombi lenyewe lilikuwa hivi: "Bwana, hili ndilo la mwisho. Sikutishi, mimi ni nani nikutishe? Nakuambia tu usije ukashangaa. Haya nayo yakifa, mimi na wewe basi."

Naona wengine mnaguna. Msigune. Kuna watu humu ndani wamemwambia Mungu maneno makali kuliko hayo, tena kitabu cha nyimbo kiko mkononi.

Kuku hukaa wiki tatu, hilo hata mtoto wa chekechea anajua. Wiki ya tatu ilipotimia, watoto waliamka kabla ya mama yao wakaenda jikoni kuchungulia. Kimya. Kesho yake wakachungulia, kimya. Wiki ya nne nayo ikaisha. Kishingo amekonda, kilemba chake kimepauka, anashuka mara moja kwa siku kudonoa punje mbili tatu na kunywa maji, halafu anarudi mbio kama aliyeacha chungu jikoni. Watoto wakaacha kwenda kuchungulia. Hilo ndilo lililomkata mama maini kuliko yote, kwamba watoto wameacha.

Kwa nini hakumpigia wifi yake simu? Aliona haya. Alijisemea moyoni, atasema hata mayai ya kupewa nimeyaua. Wangapi kati yetu tumekaa na swali rohoni miaka na miaka, na wa kumwuliza yupo, tunaona haya tu?

Asubuhi moja jirani yake akaja kuomba moto. Akamkuta kishingo kwenye karai, akaguna.

"Bado tu, shoga?"

"Bado."

Jirani akapenyeza mkono chini ya kuku, akadonolewa, akatoa yai moja, akalitikisa sikioni. "Viza hili. Yote viza. Mwenzangu, mimi nimefuga kuku tangu sijaolewa. Yatupe leo, la sivyo yatakupasukia humu ndani na huyo kuku atakufa njaa bure, ubaki huna hata mmoja."

"Nimpe siku chache?"

"Za nini? Kilichokufa kimekufa, mama. Hata wewe unajua."

Jirani hakuwa mtu mbaya, tusimseme. Alisema anachokijua, na kwa kuku wa kawaida alikuwa anasema kweli tupu. Aliondoka na kijinga chake cha moto. Yule mama akabaki amesimama jikoni, na moyoni hakuwa na machozi hata tone. Alikuwa amechoka. Alijisemea, sawa, angalau sasa najua. Angalau sitasubiri tena.

Akachukua beseni. Akamwinua kishingo kwa mbawa zote mbili, na yule kuku alipiga kelele, akamdonoa mkononi mpaka damu. Akamtupa uani. Akayatia mayai kwenye beseni, akaenda nayo hadi shimo la taka nyuma ya nyumba. Akashika la kwanza, akalibamiza ukingoni mwa shimo.

Halikunuka.

Akainama. Ndani ya lile ganda mlikuwa na bata mdogo, mzima, manyoya yamemlowa mwilini, macho yamefumba. Alikuwa wa moto kama uji. Akafungua mdomo mara moja, mara mbili, pasipo sauti. Yule mama akamchukua kiganjani, akampulizia pumzi, akamfunika na upande wa kanga, "Ngoja, ngoja baba, ngoja." Hakungoja. Alikuwa bado hajafika siku zake, akafia mkononi.

Hapo ndipo machozi yaliyogoma mwaka mzima yalipotoka. Alilia mpaka jirani akasikia. "Mungu wangu! Walikuwa hai! Siku zote hizi walikuwa hai!" Akalifunika beseni kwa kanga yake, akakimbia nalo kurudi jikoni, huku anaomba njia nzima, na koo halimuumi.

Alitegemea akimbizane na kishingo uani, amshike, amlazimishe. Maana ungekuwa wewe umetupwa nje kwa mbawa, ungerudi? Aliingia jikoni akasimama mlangoni. Kishingo alikuwa kwenye karai. Amekaa juu ya majani matupu, ametanua mbawa, amekaa vilevile kama alivyokuwa amekaa, anamwangalia.

Yule mama akapiga magoti, akamrudishia mayai moja moja chini ya kifua. Safari hii hakudonolewa. Kuku aliyapokea kwa mdomo wake, akayavuta ndani, akajitikisa kidogo, akatulia.

"Wewe," mama akamwambia, anajifuta kamasi, "wewe huchoki?"

Ndipo akapanda kwenye kichuguu kile kinachopata mtandao, akampigia wifi yake. Akamweleza yote, hata la shimoni. Wifi akapiga kelele, "Mama weee! Wiki tano! Bata wetu ni wiki tano! Sikukuambia? Ole wangu, sikukuambia!" Wakalia wote wawili kwenye simu, halafu wakacheka, halafu salio likaisha.

Haikupita muda mrefu, asubuhi moja watoto wakamwamsha kwa makelele. Jikoni mlikuwa na vifaranga wa manjano kila mahali, mpaka kwenye majivu. Hawakutoka wote. Moja lilikuwa viza kweli, na jirani alipoambiwa alifurahi kidogo, msimlaumu. Lakini waliotoka walitoka, na kishingo akatembea katikati yao kifua mbele, mbaya wa sura vilevile, na yule mama akakaa chini sakafuni akasema "Asante" mpaka watoto wakamwuliza, "Mama, unamwambia nani?"

Sasa, wapendwa, hapo wahubiri wengi tungefunga kitabu. Tungesema: mmeona? Mwe kama kuku yule. Kazeni roho, msichoke, subirini wiki tano. Na ninyi mngesema amina, mngeenda nyumbani, na kufikia Jumanne mngekuwa mmeshachoka.

Hebu niwaulize. Ninyi mko wapi kwenye mfano huu? Nani anajiona ni yule mama? Naona mikono mingi. Nani ni jirani? Hakuna, haya, nilijua. Nani ni kuku? Mzee wangu pale umeinua mkono. Umevumilia mengi, najua. Ushushe, baba. Wote shusheni.

Sisi ni mayai.

Yai lilifanya nini la maana katika habari hii? Lilikaa. Halikujipatia joto lenyewe. Lilipotolewa halikupigana, liliporudishwa halikupiga makofi. Wala halikujua kwamba lina uhai. Aliyevumilia ni mwingine. Aliyekonda ni mwingine. Aliyetupwa nje akarudi kukaa pale ambapo hapakuwa na kitu, ni mwingine! Na Bwana wetu Yesu alipotaka kutuambia anavyotupenda, alikuwa na simba, alikuwa na tai, wanyama wa heshima wote walikuwepo. Akajifananisha na kuku. Hakuona haya.

Umekuwa ukijisumbua kwamba imani yako imekwisha. Unasema, mimi nimemshikilia Mungu mpaka mikono imelegea, sasa namwachia. Ndugu yangu, nani alikuambia wewe ndiye uliyekuwa umeshikilia? Miaka hiyo yote uliyoona kimya, hakuna jibu, hakuna badiliko, nani alikuwa juu yako? Majirani walikutikisa sikioni wakasema huyu viza. Labda walisema mbele yako. Labda hata mimi mchungaji wako nilifikiri hivyo, na kama nilifikiri, leo natubu mbele zenu. Walikuhesabia wiki tatu, wewe ni wa wiki tano. Yeye hakuwasikiliza. Tulimtupa nje, tena kwa mbawa, tena akitoka damu. Siku ya tatu alikuwa amesharudi.

Na lile moja lililopasuka? Sitalipita. Wapo watu tuliowapasua sisi kwa haraka zetu. Mume uliyemwambia hutabadilika. Kijana uliyemfukuza kwaya kwa sababu alianguka mara ya pili. Walikuwa na uhai, tulikuwa hatuoni. Tukalie hilo nyumbani, kila mtu kwa lake, halafu tuwarudishe waliosalia chini ya mbawa kabla hawajapoa.

Lakini wewe uliyekuja leo umepanga iwe mara ya mwisho, nina neno lako. Jiguse. Kuna kitu kinachouma humo? Una hasira na Mungu? Umemnunia? Basi shukuru, kwa kweli shukuru, maana hilo ni joto. Yai lililoachwa halina ugomvi na mtu, limepoa tu. Wewe bado unauma, bado unauliza, bado umetoka kitandani ukaja kukaa hapa. Hilo joto silo lako. Usijitoe chini yake ukatafute shimo. Hajainuka, mpendwa. Tangu siku ile ulipomwambia basi, hajainuka.

Simameni tumshukuru. Asiye na neno la kusema leo asijilazimishe. Atulie hapo hapo alipo, apate joto, sisi wengine tutamsemea.