Fyuzi ya Mzee Kihiyo

Mzee Kihiyo wa Muheza alitaka kumwondoa Fundi Shemboza kwenye kiwanja chake, ila hakutaka kuonekana mbaya. Akaleta gari lake la zamani, lililoinuliwa hadi mtu hulipanda kwa kigoda, akatamka mbele ya mwenyekiti wa mtaa:

"Usukani unavuta kushoto, taa haziwaki. Likipona kabla ya adhuhuri, kibanda chako kitabaki hapa maisha. Lisipopona, unahama."

Shemboza alinyoosha usukani, akaunga nyaya zote zilizokatika. Taa hazikuwaka. Alipofungua kisanduku cha fyuzi, aliona nafasi moja tupu, safi, haina hata vumbi. Fyuzi za aina ile zilikuwa haziuzwi tena mjini.

"Vipi, fundi?" aliuliza Kihiyo, mkono mmoja mfukoni. "Nikuitie mkokoteni ubebe vyombo?"

"Kazi imekwisha, mzee. Ila tuitafute ile fyuzi ya zamani, maana ilikuwa imevimba. Zile zikishapata joto la mwili, hulipuka."

Kihiyo aliruka, akachomoa kitu mfukoni na kukitupa mchangani.

Shemboza alikiokota, akakipangusa, akakipachika. Taa zikawaka zote.

"Ahsante, mzee," alisema. "Nilikuwa nimebakiza hiyo tu."