Gambusi la Mize na Nguo Tisa za Sandarusi

Paukwa!

Pakawa!

Aliye mbali asogee. Aliye karibu asikohoe.

Hapo zamani za kale, miti ilipokuwa bado inawakumbuka waliolala kivulini mwake, palikuwa na kijiji cha mafundi wa mbao. Huko binti hakuolewa mikono mitupu. Baba yake alimchongea gambusi, kinanda cha nyuzi kama udi, na siku ya kutoka kwao lilipigwa mlangoni. Likiitika vizuri, watu walisema, "Kwao kumemjibu." Likinyamaza, bibi harusi alitoka kama mgeni aliyekuja kuomba maji.

Fundi Vuai alikuwa na binti mmoja, Mize. Mama yake Mize, Sihaba, alifariki mtoto akiwa bado wa kunyonya. Enzi za uhai wake alikuwa akimbembeleza chini ya mfenesi wa uani, akiimba mdomo ukiwa umefumba: mmm, mmm. Sasa Mize ameposwa ng'ambo ya mto, na mfenesi umeanguka wenyewe. Vuai akauchonga gambusi, tumbo na uso, vyote vya mfenesi.

Akaligonga. Ko, ko, ko.

Mti ukajibu: mmm.

Vuai akakaa chini. "Sihaba?" akasema.

Basi akaenda kwa Bi Mboja, ajuza aliyechimba sandarusi ardhini tangu usichana wake, ile gundi ya miti ya kale, akaipika na mafuta kwa ajili ya kupaka mbao. Alikuwa na vyungu viwili.

"Nataka ile nyekundu, bibi. Inang'aa."

"Hiyo nzito, ni ya masanduku na milango. Vinavyosema hupakwa hii nyeupe. Nguo tatu, yaani mipako mitatu, nyepesi. Kila nguo ikikauka, ligonge, usikilize. Kisha uache."

"Na mdudu je? Na mvua za ng'ambo?"

"Nguo tatu, Vuai."

Vuai akachukua nyeupe. Akachukua na nyekundu, akasema ana sanduku la kupaka. Mnacheka? Sanduku alikuwa nalo kweli. Ndani yake mlikuwa na kanga ya Sihaba, imefungiwa kwa kufuli tangu siku ya msiba.

Akapaka nguo ya kwanza kwa brashi ya makumbi ya nazi. Ko, ko, ko. Mmm.

Akapaka ya pili. Mmm.

Ya tatu. Mmm.

"Lakini mvua za ng'ambo," akasema Vuai. Akapaka ya nne, ile nyekundu. Mm. Akawaza mchwa, akapaka ya tano. Akawaza jua, akapaka ya sita. Ya saba. Ya nane. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na Vuai guu lake lilikuwa nguo ya tisa.

Majirani wakaja kutazama. "Ohoo! Mtu anaweza kuchania nywele humu!"

Walipokwenda zao, akaligonga. Du.

Akasikiliza tena. Du, kama boga bichi.

Alilia. Mtu mzima, na ndevu zote zile, akalia. Sihaba alimfia mara ya pili, na safari hii kwa mkono wake yeye mwenyewe. Harusi ilibaki siku saba.

Bi Mboja akaja na mkongojo wake. Akagonga kwa kifundo cha kidole. "Nguo ngapi?"

"Tisa, bibi."

"Wewe ukivishwa kanzu tisa, utaimba?"

Akatoa magamba mawili ya chaza, moja akampa Vuai, jingine akashika mwenyewe, wakaanza kukwangua. Kwaru, kwaru, kwaru. Siku ya kwanza. Kwaru, kwaru. Siku ya pili. Vumbi la sandarusi lilinukia kama ubani, na katika joto la alasiri Vuai akawa kama anaota: uani mfenesi umesimama tena, chini yake mtu anapembea, uso hauonekani. Siku ya tatu wakaufikia mti wenyewe.

Ko, ko. Mm.

"Yumo," akasema Bi Mboja. "Sasa brashi weka kando, inamwaga sandarusi nyingi. Nipe nguo laini, iliyofuliwa mpaka imesahau maua yake."

"Sina."

"Sanduku unalo."

Vuai akatazama chini. "Ile ni ya Sihaba. Nikiichana, nitabaki na nini?"

"Na hivi sasa una nini? Una kufuli."

Mize alikuwa mlangoni. Akasema polepole, "Baba, mimi sijawahi hata kuigusa."

Neno hilo likamchoma Vuai moyoni. Alidhani anamtunzia binti mama yake, kumbe amemnyima. Akafungua sanduku. Akaichana kanga vipande viwili. Kikubwa akamfunga Mize kichwani, kidogo akakichovya katika sandarusi nyeupe.

Shwa, shwa. Nguo ya kwanza, nyepesi kama pumzi. Siku ya pili, shwa, shwa. Siku ya tatu, shwa, shwa. Kila mara wakagonga, kila mara likajibu. Mkono wa Vuai ukarudi chunguni tena, wenyewe. Bi Mboja akaushika.

"Mgongoni bado, bibi. Pamebaki mahali pa ukubwa wa kiganja."

"Najua."

"Mti mtupu! Nani atapamalizia?"

"Atakayelishika. Jasho lake litapamaliza. Wewe umefika mwisho wako, Vuai."

Siku ya harusi Mize akasimama mlangoni, kanga ya mamaye kichwani. Akaweka kiganja mgongoni mwa gambusi, palipoachwa wazi, pakamtosha. Akapiga.

Mmm, likasema gambusi. Mmm.

Wanawake wazee waliomjua Sihaba wakashika midomo yao. Vuai alitaka kumwita binti yake arudi ndani, mvua za ng'ambo ni kali. Hakumwita. Akamfungulia mlango kwa mkono wake.

Bi Mboja alikwisha kufa, Mungu amlaze pema. Lakini mafundi wa kijiji kile hawakupaka tena gambusi lote. Huacha mahali pa kiganja, na hupaita mahali pa Bi Mboja.

Nanyi mnaowapenda watu mpaka mkawafunika, sikieni: ukipendacho kilinde, ila kiachie pa kupumulia.

Hadithi yangu imeishia hapo. Kama nimeipaka mno, ikwangueni.